Kigoma Mjini si ngome ya mtu

Kila uchaguzi unapokaribia, wachambuzi wengi huliweka jimbo la Kigoma Mjini kwenye kapu la "ngome za upinzani", kisha wanaendelea na mengine. Hesabu haikubaliani nao. Tangu 1995 tumekuwa na chaguzi kuu saba za vyama vingi. CHADEMA ilichukua jimbo hili mara mbili, 1995 na 2000. ACT-Wazalendo ililichukua mara moja, 2015. CCM imetangazwa mshindi 2005, 2010, 2020 na 2025, mara nne kati ya saba. Na katika miaka yote hiyo hakuna mbunge aliyevuka vipindi viwili: Dk. Aman Walid Kabourou viwili, Peter Serukamba viwili, Zitto Kabwe kimoja, Kilumbe Ng'enda kimoja, na sasa yupo Clayton Chipando, ambaye mji mzima unamwita Baba Levo.

Jimbo la namna hii haliwezi kuitwa ngome. Ni uwanja wa ushindani, tena mdogo: halmashauri moja ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, kata 19, watu wapatao 232,000 kwa sensa ya 2022. Neno "ngome" limewaponza wote waliowahi kulitumia hapa, kwa sababu anayeamini yumo ndani ya ngome huacha kulinda mlango. Mlango wa Kigoma Mjini ni kituo cha kupigia kura na karatasi inayotoka pale usiku.

Jimbo hili lilitoa somo hilo mapema kuliko karibu majimbo yote nchini. Vyama vingi vilirudi kisheria 1992. Kabla ya uchaguzi mkuu wa kwanza wa mfumo huo, Kigoma Mjini iliingia kwenye uchaguzi mdogo wa 1994. CCM ilimsimamisha Azim Premji, CHADEMA ikamsimamisha Kabourou. Premji akatangazwa mshindi. Kabourou akaenda Mahakama Kuu, na Mahakama Kuu ikautengua uchaguzi. Serikali na wenzake wakakata rufaa, na Mahakama ya Rufani nayo ikakubali kwamba uchaguzi ule haukustahili kusimama. Hukumu hiyo imo katika ripoti za sheria za Tanzania za 1996, na hadi leo wanasheria wa kesi za uchaguzi wanaifungua kabla hawajaandika mstari wa kwanza.

Kilichoipa kesi ile uzito ni redio. Radio Tanzania Dar es Salaam, chombo cha umma kilicholipiwa na walipa kodi wa vyama vyote na wasio na chama, ilitangaza habari za kampeni kwa namna iliyompendelea mgombea mmoja na kumuumiza mwenzake. Kumbuka hali ya 1994: simu za mkononi hazijafika Kigoma, magazeti yanapanda treni ya reli ya kati na kuchelewa, na mtu wa Kasingirima au Bangwe anayetaka kujua kinachosemwa juu ya mgombea wake anafungua RTD. Mahakama ilipotamka kwamba chombo cha umma kina wajibu wa kutenda haki kati ya wagombea, ilikuwa inajenga kanuni kwa nchi nzima kutokana na kampeni iliyopigwa kati ya Mwanga na Ujiji. Mwaka uliofuata uchaguzi ule mdogo, Oktoba 1995, Kabourou aliingia bungeni kwa kura.

Kabla ya hapo jimbo lilikuwa na ushindani wa aina nyingine, na haufai kudharauliwa. Kuanzia 1965 chama kimoja kilisimamisha wagombea wawili katika jimbo. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba, kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma. Wote wawili walizunguka pamoja na kusimama jukwaa moja chini ya usimamizi wa chama. Mpiga kura hakuwa na chama cha kuchagua, kwa hiyo alipima mtu: ni wa wapi, amesoma nini, amewahi kutusaidia nini, anaongea nasi vipi. Miaka karibu 30 ya kupima hivyo iliacha tabia. Ninaamini tabia hiyo ndiyo inayoeleza Kigoma Mjini ya leo kuliko nadharia yoyote ya upinzani.

Tazama jezi zilivyobadilishwa. Kabourou, aliyeichachafya CCM 1994 na kuwa makamu mwenyekiti wa CHADEMA, baadaye alihamia CCM, na 2015 akarudi kwa wapiga kura wale wale akiwa mgombea wa chama alichokuwa amekipeleka mahakamani. Aliyesimama mbele yake alikuwa Zitto, aliyekuwa mbunge wa CHADEMA wa Kigoma Kaskazini kwa vipindi viwili, akaachana na chama hicho Machi 2015, akaja mjini na ACT-Wazalendo, chama ambacho wapiga kura wengi walikuwa hawajawahi kukiona kwenye karatasi ya kura. Zitto akashinda, na Kigoma Mjini ikawa jimbo pekee la ACT-Wazalendo nchi nzima mwaka ule. Wakati huohuo Serukamba, aliyekuwa mbunge wa mjini, alivuka mpaka kwenda Kigoma Kaskazini alikotoka Zitto, naye akashinda huko kwa CCM. Baba Levo alikuwa diwani wa Mwanga Kaskazini kwa ACT-Wazalendo, na miaka kumi baadaye akaingia kwenye kura za maoni za CCM za Agosti 4, 2025, akambwaga mbunge aliyekuwepo, kisha akatangazwa mshindi dhidi ya Zitto.

Mtu anayesema wapiga kura wa mji huu hawana msimamo hajawaelewa. Msimamo wao ni kwa mtu, na kwa kile mtu huyo alichofanya kati ya uchaguzi na uchaguzi. Ndiyo maana kura za maoni ndani ya CCM zina uzito hapa kuliko katika majimbo ambako mgombea yeyote wa chama hupita. Ukimsimamisha asiyejulikana Gungu na Kitongoni, kadi za chama hazimwokoi.

Kipimo kikubwa cha huyo mtu ni halmashauri, na hapa wagombea wengi huteleza. Mbunge haleti barabara. Kisheria anaingia baraza la madiwani kama mjumbe, na ni mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009. Fedha za mfuko huo ni kidogo: zinaezeka darasa, zinanunua mabomba, zinamalizia zahanati ambayo wananchi wameinua kuta zake. Barabara ya lami, bandari, umeme wa gridi na maji ya mradi mkubwa vinatoka bajeti ya taifa. Mgombea anayeahidi hivyo viwili kwa pumzi moja anajichimbia shimo la miaka mitano.

Kati ya 2015 na 2020 mji huu ulipata jaribio adimu: ACT-Wazalendo ilikuwa na mbunge na pia iliongoza halmashauri. Mwaka 2016 Kigoma-Ujiji ilichaguliwa kuwa miongoni mwa serikali za mitaa 15 za kwanza duniani kuingia Mpango wa Uendeshaji Serikali kwa Uwazi. Mwaka 2017 Tanzania ilijitoa katika mpango huo kitaifa, na mji ukakosa pa kusimama. Lile lilikuwa wazo zuri. Lakini lilionyesha kikomo cha halmashauri isiyo na mapato yake ya kutosha. Mkurugenzi anateuliwa na Rais, watumishi wanalipwa na Hazina, na fedha za maendeleo zinashuka kutoka juu. Diwani anaweza kupitisha azimio zuri sana, na bado mtaro wa Mwanga ukajaa mvua ya kwanza ya Novemba. Mpiga kura wa 2020 alipiga hesabu hiyo pia, pamoja na mengine yote yaliyotokea mwaka ule.

Sasa mpaka. Wageni huona Kigoma kama mji mmoja unaoanza ziwani na kuishia Mwandiga. Kisheria Mwandiga imo Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma, na kwa ubunge imo Kigoma Kaskazini. Mfanyabiashara anayelala Mwandiga na kufungua duka Mwanga kila siku hana kura ya ubunge mjini, hata kama kodi, leseni na kero zake zote ziko mjini. Mgombea akijaza uwanja wa Mwanga Community jioni ya Jumamosi, sehemu ya umati ule ni watu wa Mwandiga, Kalinzi na Mahembe waliokuja sokoni au kusikiliza. Wanapiga makofi kwa dhati, na siku ya kura wanapiga kura kwingine. Kampeni inayopima ushindi kwa wingi wa watu uwanjani inajidanganya. Kipimo ni daftari la kata.

Na daftari lina kalenda yake. Uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura kwa ajili ya 2025 ulizinduliwa hapahapa Kigoma, Julai 20, 2024, ukachukua siku saba kisha ukahamia mikoa mingine. Siku saba tu. Aliyekuwa safarini Kalemie, Bujumbura au Dar es Salaam wiki ile, au aliyeahirisha kwa kuwa uchaguzi ulikuwa bado mwaka mmoja na miezi mitatu, alilazimika kusubiri awamu ya pili. Aliyehama kutoka Kasulu kuja Katubuka bila kuhamisha taarifa zake alibaki mpiga kura wa Kasulu. Vyama vingi huanza kuhangaika na wapiga kura mwezi wa Agosti wa mwaka wa uchaguzi, wakati orodha imeshafungwa. Kazi ya mtaa kwa mtaa, ya kuuliza "una kadi? jina lako liko kituo gani?", inafanyika wakati wa daftari au haifanyiki kabisa.

Kuna suala la uraia pia, ambalo watu wa mkoa huu wanalijua kwa uchungu. Mji uliojengwa na Waha, Wamanyema, Wabembe, Wabwari na wengine waliovuka ziwa vizazi kadhaa vilivyopita, kisha ukapokea wakimbizi wa Burundi na Kongo kwa miongo, umekuwa mahali ambapo mzaliwa wa Ujiji anaulizwa babu yake alizikwa wapi. Kwenye meza ya uandikishaji swali hilo linaweza kumrudisha mtu nyumbani, na mara nyingi harudi tena. Wabunge wa Kigoma wa vyama tofauti wamelipeleka bungeni. Chama makini huwaandaa watu wake mapema kwa cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa au barua ya serikali ya mtaa, badala ya kwenda kugombana kituoni.

Jambo jingine ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha mikakati ya kampeni ni mwezi wa angani. Uvuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika ni wa giza. Taa huwashwa usiku, dagaa hufuata mwanga, nyavu zikainuliwa. Mbalamwezi ikishiba, taa hazina nguvu, mitumbwi inavutwa ufukweni na wavuvi wanapumzika kwa siku kadhaa, wanashona nyavu, wanarudi majumbani. Sasa angalia tarehe. Desemba 14, 2005 ilikuwa siku moja kabla ya mwezi mpevu. Oktoba 25, 2015 ilikuwa siku mbili kabla. Oktoba 28, 2020 ilikuwa siku tatu kabla. Katika chaguzi hizo tatu wavuvi wa Kibirizi na Katonga walikuwa nchi kavu. Oktoba 31, 2010 mwezi ulikuwa umepungua hadi nusu na unachelewa kuchomoza, kwa hiyo usiku wa kuamkia kura ulikuwa usiku wa kazi. Oktoba 29, 2025 ulikuwa robo ya kwanza, unaotua karibu na usiku wa manane, na baada ya hapo giza linafaa kuvua. Mvuvi aliyeinua wavu hadi alfajiri, akauza, akalala, anaamka vituo vinakaribia kufungwa saa 10 jioni. Tena wengi huwa kwenye kambi za mbali, Kagunga na Mwamgongo upande wa kaskazini au Sunuka na Buhingu upande wa Uvinza, ambako hawana kura ya Kigoma Mjini. Sisemi mwezi uliamua matokeo. Nasema kwamba kata za ziwani zina idadi moja kwenye daftari na nyingine kwenye foleni, na anayepanga kampeni bila kuuliza wavuvi wa mwalo anapanga gizani.

Tuje kwenye karatasi. Kura za ubunge huhesabiwa kituoni, vituo vikishafungwa. Msimamizi wa kituo anahesabu kwanza karatasi zilizopokelewa, zilizotumika, zilizoharibika na zilizobaki. Hesabu hizo lazima zikutane. Kisha anafungua sanduku mbele ya mawakala, anatenga kura halali na zilizokataliwa, anahesabu kura za kila mgombea na kujaza Fomu Na. 21B. Mawakala wanasaini, wanapewa nakala, na nakala nyingine inabandikwa mahali pa wazi. Fomu zote za 21B zinapelekwa kwenye majumuisho ya jimbo, zinajumlishwa, na msimamizi wa uchaguzi anajaza Fomu Na. 24B na kumtangaza mbunge palepale. Matokeo ya ubunge hayasubiri Dodoma.

Makosa yanaingia wapi? Kwanza kabla ya siku yenyewe. Wakala lazima awasilishwe kwa jina, aapishwe na apate barua ya utambulisho kwa kituo fulani. Jina likiandikwa "Hamisi" kwenye orodha na "Khamis" kwenye kitambulisho, au barua ikitoka usiku wa manane, kituo kinafunguliwa saa 1 asubuhi bila wakala. Pili, wakala anakaa saa kumi bila chakula wala maji, anaondoka jioni "kidogo tu", na kuhesabu kunafanyika akiwa hayupo. Hili ni kosa la chama. Kumpelekea mtu wako ugali na chupa ya maji ni sehemu ya mkakati. Tatu, wakala anasaini fomu kabla haijajazwa, kwa uchovu. Nne, namba zinageuzwa katika kunakili: 149 kituoni inakuwa 419 kwenye majumuisho, na bila nakala mkononi huna cha kuonyesha. Tano, chama kina nakala lakini ziko mifukoni mwa watu mia kadhaa, na hakuna aliyezikusanya na kuzijumlisha kabla ya saa 6 usiku.

Jirani yetu Kigoma Kusini alilionja hili 2015. David Kafulila, aliyekuwa mbunge, alishindwa na Hasna Mwilima wa CCM kwa tofauti ndogo, akafungua kesi Mahakama Kuu Kanda ya Tabora akidai kwamba jumla ya fomu za vituoni ilimpa yeye ushindi. Mei 2016 mahakama ilitupa shauri lake. Kudai haitoshi. Mlalamikaji anatakiwa kuthibitisha bila kuacha shaka, na aonyeshe kuwa ukiukwaji uliathiri matokeo. Shauri lenyewe linafunguliwa ndani ya siku 30 tangu kutangazwa matokeo, na dhamana inaweza kufika shilingi milioni 5 kwa kila mjibu maombi. Wajibu maombi kwa kawaida ni watatu: mshindi, msimamizi wa uchaguzi na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Siku 30 za kutafuta mawakili, mashahidi wa vituo na hadi milioni 15 ni mlima kwa chama kilichotoka kumaliza fedha zake kwenye kampeni, ingawa sheria inaruhusu kuomba nafuu ya dhamana.

Uchaguzi wa 2025 uliongeza ugumu mpya. CHADEMA haikuwemo kwenye karatasi ya kura baada ya kutosaini kanuni za maadili Aprili mwaka huo, kwa hiyo Kigoma Mjini ilibaki hasa kuwa pambano la CCM na ACT-Wazalendo. Siku yenyewe ya kura intaneti ilizimwa nchini, na miji kadhaa ikaingia kwenye maandamano yaliyogharimu maisha ya watu. Wanaojadili uchaguzi ule wana mengi mazito ya kuzungumza kuliko jimbo moja, na haki ya waliopoteza ndugu ndiyo ya kwanza. Kwa upande wa fomu peke yake, ilidhihirika kwamba mpango wa "piga picha 21B tuma kwenye kundi la WhatsApp" unakufa papo hapo mtandao ukikatwa. Anayeutegemea anabaki na simu yenye picha ya kituo kimoja, na hajui cha jirani.

Njia ya karatasi bado ipo. Kata 19 zinahitaji watu 19 wenye pikipiki, kila mmoja akipita vituo vya kata yake baada ya saa 2 usiku kuchukua nakala, na chumba kimoja mjini chenye watu wanne wa kujumlisha kwa kalamu mara mbili, kundi moja likianzia kata ya Kibirizi na jingine likianzia kata ya Kagera, mpaka majibu yafanane. Jimbo ni dogo. Kutoka Bangwe hadi Businde pikipiki haihitaji usiku mzima. Vyama vinavyonunua magari ya matangazo kwa mamilioni vinashindwa kununua mafuta ya pikipiki 19 kwa usiku mmoja, na hilo limejirudia bila kujali chama.

Sheria mpya za 2024 ziliibadilisha tume ya uchaguzi jina na kugusa nani anaweza kusimamia uchaguzi. Hoja ya wakurugenzi wa halmashauri ilikuwa imeshafika mahakamani: Mahakama Kuu ilikubali 2019 kwamba hawapaswi kusimamia, Mahakama ya Rufani ikageuza mwaka uleule. Binafsi naona Mahakama Kuu ilikuwa sahihi, kwa sababu mteule wa Rais hawezi kuonekana mwamuzi huru machoni pa mshindani wa chama cha Rais, hata akitenda kwa uadilifu wote. Lakini mjadala huo utaamuliwa Dodoma. Kilicho mikononi mwa watu wa Kigoma Mjini ni majina ya mawakala wa kata 19, yaandikwe kama yalivyo kwenye vitambulisho vyao, na yawe tayari kabla ya daftari la 2030 kufunguliwa.